Daraja la Nguzo Mbichi

Jumatatu asubuhi Kanana alimshusha bintiye Mukiri mgongoni karibu na reli, akanyoosha kiuno, akampa mkongojo wake. Mukiri alikuwa darasa la saba, na akibebwa miguu yake dhaifu sasa iliburuzika chini nyuma ya mama. Shule ilikuwa ng'ambo, inaonekana kabisa. Lakini daraja la miguu la stesheni lilikuwa limeibwa likauzwa kama vyuma kuukuu, na ofisi iliyoikarabati stesheni kwa ajili ya watalii ilikuwa imeweka ua wa waya kandokando ya reli. Njia iliyobaki ilikuwa kalvati, mtaro wa kupitisha maji chini ya reli, na mvua ikinyesha kalvati hujaa, Mukiri hubaki nyumbani. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

"Daraja liko kwenye mipango, Mama Mukiri," alisema Mutembei, afisa wa stesheni.

"Mipango haina ngazi, Bwana Mutembei."

Kanana akawaita akina mama wa kanisa. Kwa mazoea walikata miti mibichi, wakaisimika na magome yake, wakatia samadi na maji, kama wanavyosimika miti ya kupandishia viazi vikuu. Juu wakafunga mbao za kuvukia ua na reli.

Nguzo zikashika mizizi. Kufikia Jumatano daraja lilikuwa na majani. Ijumaa lilishusha vipandio vyake vikalingana na mkongojo wa Mukiri.

"Si nilisema tungoje miti ikauke?" Alice, mmoja wa akina mama hao, alilalamika.

"Ungeiambia mvua ingoje pia?" Kanana akamuuliza.

Jumamosi treni ya watalii ilikuja, bomba lake la moshi likiwa juu kuliko daraja. Daraja likajiinua, kama mama anayekunja sketi kuvuka tope, treni ikapita, likatua. Dereva akapiga honi ya shukrani.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha. Mutembei alifika na msumari na kibao kilichoandikwa kwamba daraja limejengwa na ofisi.

"Wakubwa wamesema mradi umekamilika," alisema, akikwepa macho ya Kanana.

"Na lile la chuma, la kwenye mipango?"

"La nini tena? Si mnalo?"

Kanana alimtazama, kisha akatazama kibao.

"Bandika. Lakini weka huo msumari mfukoni, mti unaumia. Funga na kamba."

Mutembei akaenda kutafuta kamba. Ng'ambo, Mukiri alikuwa ameshafika darasani, anasikika akigombania dawati la mbele.