Nafasi ya Kuitikia

Jabiri Isihaka alifundisha Kiswahili katika chuo kimoja pale Tumbi, Kibaha, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuyaona yaliyowapita wengine. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka ishirini hakugundua kwamba mama yake, kila alipoisikiliza ile kanda ya kaseti, alikuwa akijibu. Alimsikia akinong'ona nyuma ya pazia, akadhani ni dua.

Kanda ile ilikuwa barua. Baba yake alikwenda Tunduru kutafuta vito, Jabiri akiwa na miaka minne. Kwa kuwa mama yake, Bi Mboni, hakujua kusoma, mumewe alizungumza mbele ya redio kaseti, kisha akampa msafiri kanda aifikishe Marui, kule Kisarawe. Miezi mitatu baadaye homa ilimuua baba huko Tunduru, akazikwa hukohuko. Iliyorudi nyumbani ni sauti yake tu, ya dakika kumi na saba.

Mwaka jana redio ya Bi Mboni ilipokufa kabisa, Jabiri aliichukua kanda, akainakili kwenye kompyuta, akaisafisha kwa uangalifu wa mhariri. Alipunguza mvumo na kukata kila mahali palipokuwa kimya. Dakika kumi na saba zikawa kumi na moja. Kisha akanunua sabufa kubwa yenye taa za rangi, akaipeleka Marui. Ilinguruma kidogo tu, betri ya sola ikazimika.

"Mashine ina nguvu, mwanangu," alisema Bi Mboni kwa upole. "Shangazi yako Hamisa amekuja mbio kuuliza nani anaoa. Lakini baba yako nimemsikia kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa."

Aliyasema hayo akitabasamu, lakini alipodhani mwanawe hamtazami, aliigusa ile redio mbovu aliyokuwa ameifunika kitambaa.

Jabiri akaenda Maili Moja kwa Kwandu, mwanamke wa Kisukuma aliyetengeneza redio katika kibanda kilichojaa nyaya.

"Mwalimu, umenunua kishindo," Kwandu alimwambia. "Mama yako anataka maneno. Hiyo sabufa wati ngapi?"

"Wameandika mia tatu."

"Karatasi haikatai kuandikwa. Mimi nitakupa wati tano."

"Tano? Fundi, unanitania. Zitasikika kweli?"

"Mtoto mchanga ana wati ngapi? Na akilia, si nyumba nzima mnaamka?"

Akamtolea spika mbili pana, kuukuu, zilizong'olewa katika ukumbi uliobomolewa. Koni zake zilikuwa za karatasi nyepesi. Alizipuliza, zikatikisika. "Za sabufa ni ng'ombe mzito, haendi mpaka umchape. Hizi ukizigusa tu, zinakwenda. Amplifaya ndogo inazitosha, na betri ya mama haitachoka."

Kwa Jumamosi tatu Jabiri alipiga msasa masanduku mawili ya mbao yaliyomfika kiunoni, Kwandu akaunga nyaya. Kazi yote haikufika nusu ya bei ya sabufa.

Jumapili asubuhi, sebuleni Marui, sauti haikutoka katika sanduku hili wala lile. Ilitoka katikati, palipokuwa patupu, kama mtu aliyevuta kigoda akaketi. Hujambo, Mama Jabiri, nyumbani wazima, mvua imenyesha, Jabiri yuko, haya, vizuri. Bi Mboni alifungua kinywa, akakifumba. Alikifungua tena, akachelewa tena.

"Ni yeye," alisema. "Ni yeye hasa. Ila mbona hanipi nafasi?"

"Nafasi gani, mama?"

"Ya kuitikia. Baba yako akikusalimu, anakungoja. Huyu ananijulia hali kama anayekimbilia basi."

Jabiri alitazama chini. "Kile kimya nilikikata mimi. Nilidhani hakina kitu."

"Nilikuwamo mimi," alisema Bi Mboni.

Kanda yenyewe ilikuwa bado katika mtoto wa meza ya Jabiri, Tumbi. Kwandu alitafuta deki ya kaseti, akaibadilishia mpira uliolegea, kisha akaigeuzageuza ile kanda kwenye mwanga. "Imechakaa, Mwalimu. Ikikatika, sina dawa." Jumapili iliyofuata, Jabiri alipomfikishia mama yake onyo hilo kule Marui, Bi Mboni alisema, "Iweke. Nikimsikia mara moja tu, yatosha."

Kanda ikazunguka.

"Hujambo, Mama Jabiri?"

Kimya. Na katika kimya kile spika zilileta vitu ambavyo Jabiri, mbele ya kompyuta, aliviita uchafu: manyunyu juu ya bati la Tunduru, kigoda kikilia, pumzi ya mtu anayengoja.

"Sijambo, Baba Jabiri," alijibu mama yake.

"Nyumbani wazima?"

"Wazima, twamshukuru Mungu."

"Mvua imenyesha?"

"Imechelewa, lakini imenyesha." Jabiri hakujua ilikuwa mvua ya mwaka gani.

"Na Jabiri, yuko?"

Swali hilo Bi Mboni alikuwa amelijibu kwa miaka yote. Yuko, anacheza. Yuko shule. Yuko Kibaha, kazi zimembana. Safari hii hakujibu. Aligeuka, akamtazama mwanawe, na kule Tunduru yule mtu akaendelea kungoja, pumzi ikiingia na kutoka.

"Niko, baba," alisema Jabiri. Akasogea karibu na spika, akarudia. "Niko."

"Haya, vizuri," ikasema kanda.

Tangu Jumapili hiyo, Jabiri hulala Marui kila mwisho wa juma.