Mwafaka wa Watu Kumi na Wanne

Mkunga mmoja, ambaye wodi nzima ya wazazi ilimwita Shangazi, alifika kazini akakuta karatasi mpya imebandikwa ukutani juu ya sinki. Ilisema mama aliyejifungua salama aruhusiwe kwenda nyumbani zikipita saa sita tangu ajifungue, kwa kuwa jopo la wataalamu limefikia mwafaka. Chini yalipangwa majina ya wataalamu wenyewe. Lake lilikuwa la tisa.

Aliisoma mara mbili, akidhani macho yanamdanganya. Kushiriki alishiriki. Kwa miezi minne alijibu maswali yaliyotumwa kwenye simu, raundi tatu, kila raundi akionyeshwa majibu ya wenzake bila majina ili apime upya la kwake. Lakini mara zote tatu alipinga. Aliandika kwamba damu haina ahadi na mtu, na kwamba mama anayekaa mbali akianza kuvuja nyumbani hana wa kumkimbilia. Kati ya alama tisa za kukubali, alitoa mbili.

Mkuu wa wodi alimwambia asijisumbue, jina kutokea kwenye utafiti ni sifa. Shangazi akamjibu kwamba sifa ya kusingiziwa ni tusi lililovishwa nguo safi.

Hazikupita siku kumi, mama mmoja aliyeondoka asubuhi akarudishwa alasiri, kabebwa na mumewe na jirani, nguo zimelowa damu. Wakunga walihangaika naye mpaka akatulia. Mume alimuuliza Shangazi, kwa upole uliomchoma kuliko matusi, kwa nini waliwaruhusu mapema vile.

Kesho yake Shangazi alikwenda ofisini kwa daktari aliyeongoza utafiti. Daktari huyo alipokuwa mwanafunzi, mikono ya Shangazi ndiyo iliyomwongoza kuzalisha kwa mara ya kwanza. Alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti. Shangazi hakukaa.

"Mwanangu, tulianza wangapi?"

"Thelathini na mmoja, Shangazi."

"Na raundi ya mwisho?"

Daktari akafungua faili, akahesabu. Walibaki kumi na tisa, waliokubali wakiwa kumi na wanne.

Shangazi akatoa barua ya mwaliko aliyokuwa ameihifadhi. Iliandikwa wazi kwamba mwafaka ni watu themanini katika kila mia. Kumi na wanne kati ya kumi na tisa hawafiki hata sabini na tano. Daktari alieleza, macho yakiwa mezani, kwamba kipimo kilishushwa hadi sabini baada ya majibu kuingia, muda ulikuwa umewabana, na jarida lililochapisha utafiti lilitoa nafasi finyu ya maelezo.

"Nafasi ya majina yetu ilipatikana," alisema Shangazi. "Ya kusema kwamba kumi na wawili waliondoka, na kipimo mlikishusha mkishaona majibu, hiyo ndiyo iliyokosekana? Umechukua ukimya wa watu ukauita ndiyo."

Daktari alisema huenda saa sita zinatosha hata hivyo. Huenda, Shangazi alikubali, lakini msomaji apewe hesabu yote aamue mwenyewe.

Daktari aliahidi kurekebisha. Wiki tano zikapita kimya. Shangazi hakuwa mtu wa kungoja ahadi ziote mizizi. Aliliandikia jarida mwenyewe, akaambatanisha barua ya mwaliko.

Masahihisho yalitoka baada ya miezi mitatu: walioalikwa wangapi, waliobaki wangapi kila raundi, kipimo kilibadilishwa lini na kwa nini, na hoja za watano waliopinga. Neno mwafaka liliondolewa. Mkuu wa wodi aliibandua karatasi, na akina mama wakarudi kulala wodini siku nzima.

Daktari alikuja mwenyewe kumletea nakala, akitumaini yamekwisha. Shangazi aliisoma yote akiwa amesimama.

"Hawa kumi na wawili," alisema, "kuna aliyewauliza kwa nini waliondoka?"

Hakuna aliyewauliza. Shangazi akamsogezea daktari simu ya wodi awapigie, akavuta kiti, akakaa kusikiliza. Wa kwanza kupokea alikuwa mkunga wa zahanati ya mbali. Alisema hakuondoka popote. Raundi ya pili iligoma kufunguka kwenye simu yake, akaandika kuomba msaada mara mbili, na hakujibiwa.