Fisi Aliyeletewa Kunde

Nilirudi likizo kutoka shule ya bweni nikiwa na elimu nyingi na adabu kiasi, na chama cha vijana kikanikabidhi fisi. Si heshima ndogo. Fisi wetu ana kichwa cha mti, mwili wa fito uliofunikwa nguo, na taya linalofunguka kwa kamba. Aliye ndani hasemi. Mnyama akitamka neno, nguo inafunuliwa mbele ya watu wote, na mchezaji wake hachezi tena mpaka aoe.

Asiyeimbiwa pia hachezi. Na mwimbishaji ni Bibi Nyeba Diarra. Mimi ni Traoré. Koo zetu ni watani. Zimetukanana tangu enzi za mababu, kwa upendo mkubwa, na tusi kuu ni kuitana walaji wa kunde.

Alasiri ile ngoma zililia, nikaingia uwanjani nikinyatia, fisi anayedoea harusi ya swala. Nikangoja wimbo.

“Siimbi,” alisema Bibi Nyeba. “Huyo si fisi. Hiyo ni miguu ya Traoré, mla kunde!”

Uwanja ukaangua kicheko. Nikauma ulimi.

“We mtani, huna mdomo leo? Kataa basi!”

Nikatikisa mkia.

“Haya. Kaniba mwanangu, hebu mletee kunde.”

Bakuli likawekwa mbele yangu. Nikila, ukoo mzima wa Traoré umekiri hadharani. Nikikataa, wimbo sipati, maana fisi gani wa hadithini amewahi kukataa chakula? Kupitia tundu la kuchungulia nilimwona baba mdogo, Zoumana, amenitolea macho: thubutu!

Nikavuta kamba. Taya likaachama, likazoa bakuli zima. Humo ndani nilizibugia kwa mikono miwili, za moto, machozi yakinitiririka. Fisi akalamba mchanga, kisha akampigia magoti Bibi Nyeba, akiomba nyingine.

“Ametuuza!” baba mdogo alipiga kelele. “Jamani, ametuuza!”

Bibi Nyeba alicheka mpaka kilemba kikamdondoka.

“Huyu fisi kweli! Traoré hakiri hata umchape!”

Akapiga makofi, akaanzisha wimbo, wanawake wakaitikia, nami nikacheza mpaka fito zikalia. Ubeti wa tatu aliutunga papo hapo, kuhusu fisi wa ukoo fulani na tumbo lake la kunde.

Aliyeuitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa baba mdogo.