Adui wa Fundi Bomba

Mdogo wangu ni fundi bomba, na kosa lake lilikuwa la kifundi: alitoboa ukuta. Ofisi yetu ya ukalimani ilimwita avute maji hadi kwenye vyumba vya Wageni, akaona njia ya mkato ni kupitisha bomba katikati ya ukuta wa jiwe jeusi waliokuja nao kutoka huko kwao angani. Hakuuliza. Fundi gani anauliza? Akawasha drili, na kabla bomba halijapita, Wageni walishamzingira.

Ukuta ule ulihifadhi maneno ya wafu wao. Wageni hawana sauti, wanazungumza kwa viganja: unaweka mikono juu ya jiwe, na joto na mtetemo wako unapita ndani yake hadi kwa yeyote anayeligusa. Neno zito hubaki humo miaka na miaka. Mimi ni mkalimani wao, huu mwaka wa nane, na nawaambieni, lugha ile haina pa kuficha uongo. Mdomo unaweza kucheka huku moyo umenuna. Kiganja hakiwezi.

Walimfungia chumba cha ndani. Saa kumi jioni walikuwa wanaondoka moja kwa moja, na wangeondoka naye, akakae na wafu aliowajeruhi mpaka afe. Habari hiyo niliipata saa tano asubuhi.

Nilikimbilia jiwe la ukumbini, linalotumika kwa maombi, nikabandika viganja. Nilimlilia Mgeni wa zamu kwa kila nilichojua. Jiwe likapoa chini ya mikono yangu.

"Wewe ni nani wake?" aliuliza.

"Dada yake. Tumbo moja."

"Basi hujasema kitu. Ndugu humwombea hata muuaji. Kwetu mtu huombewa na adui yake. Adui akisema aachwe, tunajua kweli anastahili kuachwa."

Desturi hiyo nilikuwa naijua. Niliwahi kuifundisha darasani, wanafunzi wakacheka mpaka basi, nami nikacheka nao.

Wifi yangu, mke wa fundi, alikuwa kwenye ngazi za nje, viatu mkononi.

"Wifi, wamesemaje?"

"Wanataka adui yake."

"Adui wa nani? Wa huyu mume wangu?" Alinitolea macho. "Mtu anayewazibia mabomba mtaa mzima bure? Adui nitamtoa wapi mimi?"

Hapo nilimkasirikia mdogo wangu kwelikweli. Miaka thelathini na tano duniani, hata adui mmoja hukujiwekea! Wenzako wanao wa akiba.

Tukamkumbuka mwenye nyumba wao. Mwezi mzima walikuwa wametupiana maneno kuhusu tangi la maji, hawasalimiani. Alikuja mbiombio, kandambili moja imekatika.

"Huyo kijana simpendi! Simpendi hata kumwona! Hilo jiwe liko wapi?"

Akabandika mikono, akafumba macho, akakunja uso kama mtu anayemeza kidonge kichungu. Mgeni hakuchukua muda.

"Huyu anamwogopea kama mwanawe. Mwondoe."

Nilipomtafsiria, alianza kwa kukasirika, kisha akakaa chini na kulia. "Jamani," alisema, "nimejitahidi."

Ikafika saa tisa na nusu. Wifi alikuwa barabarani, akimuuliza kila mpita njia kama anamchukia mume wake. Mimi nilibaki ukumbini, na nilikuwa namjua adui. Nilimjua tangu saa tano. Nilikuwa najizungusha tu, nikiomba Mungu apatikane mwingine.

Siku ya mtihani wangu wa ukalimani nilimwachia mdogo wangu mama yetu amwangalie. Mama hakuweza kusimama bila kushikwa. "Nenda dada, mimi sibanduki hapa," aliniambia. Jirani wa ukuta kwa ukuta akaja kulia kwamba bomba limepasuka, naye akatoka, dakika tano tu. Mama akataka kwenda chooni. Akaita, hakuna aliyekuja, akajaribu mwenyewe. Nilirudi nimefaulu, nikamkuta sakafuni. Siku ya tatu akafariki. Msibani nilimkumbatia mdogo wangu mbele za watu, nikamwambia si kosa lako, na kila mwaka nimemrudia maneno hayo. Uongo mtupu. Sijamsamehe hata siku moja. Nampenda, nimemlelea watoto, na kila anapocheka natamani kumkaba.

Tatizo ni kwamba jiwe la ukumbini na kuta za chumba cha ndani ni jiwe moja. Maneno ya kawaida ya Wageni yanahitaji kusomewa, lakini chuki na mapenzi, pamoja na maneno yaliyobebwa ndani yake, kila kiganja kinaelewa, na anayezungumza unamjua kama unavyozijua hatua za mtu wa nyumbani kwako. Na kule ndani hapakuwa na pa kuegemea ila ukutani.

Saa kumi kasorobo niliweka mikono. Nikasema mimi ni adui yake. Nikamweka mama jiweni kama nilivyomkuta sakafuni, nikauweka na mguu wake uliopinda, nikauliza nilichokuwa sijawahi kuthubutu kuuliza: mama aliita mara ngapi? Jiwe lilichemka hadi viganja vikaungua. Mwisho nikasema naomba aachwe.

Mgeni alitoa mikono yake jiweni taratibu, na kule ndani nikasikia mlango unafunguliwa.

Alitoka na vumbi jeusi kwenye viganja vyote viwili. Wifi alimrukia shingoni, mwenye nyumba akapiga vigelegele bila aibu, na majirani wakajaa ukumbini wakigombea kumshika. Nilitaka kumwambia ilikuwa mbinu ya kazi, kwamba sisi wakalimani tuna ujanja wetu.

Alijitoa mikononi mwao, akanifuata.

"Mara tatu, dada," alisema. "Nilimsikia kutoka kwa jirani. Nikasema ngoja nimalizie kukaza hii nati."