Mdoli Mwenye Sauti ya Vitus

Mchezo wetu wa redio ulipotimiza miaka kumi na mitatu, nembo yake ilikuwa imefika hadi kwenye sumu ya panya. Ilianzia kwenye madaftari, ikahamia kwenye mabegi ya shule, kandambili, mashuka, miavuli, unga wa uji, ndoo na kalenda. Mtoto mmoja wa parokia yetu alikwenda kupokea komunyo ya kwanza na beji ya Nahodha Lyamba, shujaa wa mchezo, kifuani, juu ya gauni jeupe. Padri aliitazama ile beji kwa muda, hostia ikiwa mkononi, halafu akampa. Jumapili hiyo nje ya kanisa hapakuwa na mazungumzo mengine. Wazazi walisema vitu vimezidi, watoto hawaombi tena chakula, wanaomba nembo. Zenon, mwenye vitu hivyo, aliwajibu huku akicheka.

"Kitu kinachopendwa hakizidi. Kuna watoto kule Kirando kwao hakuna redio. Nahodha wanamjua kwa ndoo."

Mwandishi wa mchezo huo ni mimi. Naitwa Coleta, nafundisha sekondari hapa Sumbawanga. Tulianza watatu: mimi naandika, kaka yangu Vitus ni sauti ya Nahodha, na Zenon, rafiki wa Vitus tangu shule ya msingi, anarekodi na kutafuta wadhamini. Mchezo tuliuita Wakulima wa Zohali. Ulihusu Wafipa waliohamia kwenye mwezi mmoja wa sayari hiyo, wakalima ulezi kwenye matuta ya udongo wa barafu na kupambana na kila kilichotoka gizani kuwadhuru. Kila Jumamosi saa kumi jioni, kuanzia Laela hadi Chala, watu waliweka majembe chini wakasikiliza. Kabla ya kila hatari Nahodha aliwauliza watu wake swali moja tu: "Umekula?" Neno hilo sikulitunga. Ndivyo Vitus alivyomsalimia mama kila alipoingia nyumbani.

Vitus alifariki miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa wa mapafu. Wiki mbili za mwisho sauti yake ilizama, ikawa nzito na ya kujivuta, kila neno akilipandisha kama anayeteka maji kisimani. Tulipokuwa tunatoka makaburini, Zenon alinishika mkono.

"Sauti yake tumeizika naye," aliniambia. "Haitatumika tena."

Kwa hiyo niliandika kwamba Nahodha amesafiri mbali, mchezo ukaendelea na msaidizi wake, ambaye sauti yake ni yangu. Nembo ilivyozidi kutapakaa nilinung'unika, lakini sikumgombeza Zenon. Nilijiambia kwamba huyu biashara imemkolea, ila neno alilotoa makaburini hawezi kulivunja.

Mwezi wa tatu mwaka huu mama yangu, Rozina, alirudi kutoka sokoni Chanji ameshika mdoli aliyevaa kofia ya chuma ya Nahodha. Alikaa kwenye kigoda bila hata kufungua mtandio, akaniambia nami nikae. Kisha akambonyeza yule mdoli tumboni.

"Umekula?" akauliza Vitus.

"Nimekula, baba," mama akajibu.

Mama alimbonyeza tena, akajibu tena, kwa sauti ileile ya upole aliyokuwa akimjibia mwanawe mlangoni. Tangu siku hiyo mdoli akawa anakaa mezani kila wakati wa chakula. Nilipojaribu kumweleza kwamba ni kanda za zamani zimekatwakatwa, alinikata kauli.

"Najua, Coleta. Unadhani nimekuwa mtoto? Najua. Niache."

Nikamwacha. Lakini betri ni betri, huisha. Ijumaa moja mchana nilitoka shuleni nikamkuta amekaa sakafuni, mdoli mapajani. Alimbonyeza nisikie. Sauti ilitoka nzito, ya kujivuta, ikakatika katikati ya neno. Ilikuwa sauti ya zile wiki mbili za mwisho, kama vile mtu aliirekodi pembeni ya kitanda.

"Anakufa tena," mama alisema.

Alinikataza kubadilisha betri. Alisema hataki kuanza upya. Alimfunga mdoli kwenye kipande cha kitenge, akajilaza, na hadi Jumapili hakutia kitu kinywani zaidi ya maji.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Zenon. Alikuwa ananyoosha kidole kwenye ramani, anamwonyesha mtu wapi atafungua duka jingine. Nilingoja yule mtu atoke.

"Makaburini uliniambia nini?" nikamuuliza.

"Dada Coleta, makaburini watu wanasema mengi." Alivuta droo, akatoa karatasi. "Vitus alisaini mwenyewe. Rekodi zote ni mali ya kampuni. Na wewe pia ulisaini."

"Mama hali chakula, Zenon. Mama aliyekulea kwa ugali wake."

Aliirudisha karatasi kwenye droo. Nilidhani limemwingia. Kisha akasema, "Niombee radhi kwake. Nitamtumia kitu."

Kesho yake bodaboda ilileta boksi. Ndani mlikuwa na midoli ishirini na minne, na kadi yenye mwandiko wake: *Kwa Mama Vitus, ili asiishiwe.*

Sikumwonyesha mama. Nilisukumia boksi uvunguni mwa kitanda changu, na tangu saa ile machozi yalikauka. Kilichobaki moyoni kilikuwa kigumu na kitulivu, nami nikakilea.

Zenon alikuwa na udhaifu mmoja. Miaka mingi alikuwa haisomi tena miswada yangu. Alichotaka kujua ni kitu gani kipya kitatokea kwenye mchezo, ili akiagize mapema kiwe sokoni siku ileile. Mwezi wa nne alinipigia simu kuuliza habari za sherehe ya miaka kumi na mitatu, itakayofanyika uwanjani na kurushwa moja kwa moja redioni.

"Nahodha anarudi," nikamwambia.

Nikamsikia anavuta pumzi. "Mwalimu, unasema kweli?"

"Kweli. Agiza midoli, agiza kofia, agiza kila kitu. Nahitaji neno moja tu la Vitus kutoka kwenye kanda. 'Umekula?' Basi."

"Nilijua hasira zitakuisha," alisema. "Nilijua tu."

Akaagiza. Malori yalipandisha mizigo kutoka Tunduma wiki tatu mfululizo. Ghala la Chanji lilijaa hadi akakodi darasa la chekechea lililokuwa halitumiki. Kila nilipopita pale nilipunguza mwendo, nikayaangalia maboksi yanavyoongezeka hadi darini. Niliandika sehemu ile ya sherehe kwa miezi miwili, ukurasa baada ya ukurasa, nikifuta neno lolote lililomlenga Zenon waziwazi. Sikutaka kumtukana. Matusi yangemfanya aonewe huruma.

Sherehe ilifanyika mwezi wa saba, mavuno yakiwa ndani na upepo wa baridi ukipiga uwanja mzima. Watoto walikuja na mabegi yao, kofia zao na midoli yao, wengine wametoka Laela kwa basi la asubuhi. Zenon alikaa mbele kabisa, koti jeupe, nembo mgongoni. Tulianza saa kumi kamili.

Katika sehemu hiyo wakulima wa Zohali wanaona chombo kinatua. Mlango unafunguka, na anayetoka amevaa kofia ya Nahodha. Fundi wa mitambo akabonyeza kanda.

"Umekula?"

Uwanja ulilipuka. Watoto walirukaruka, wanawake walipiga vigelegele, na Zenon alisimama akawapungia mkono. Nilingoja kelele zitulie. Kisha mimi, msaidizi wa Nahodha, nikasogea kwenye kipaza sauti.

"Karibu, Nahodha. Tumekungoja miaka mitatu. Mama yako anaitwa nani?"

"Umekula?" ikajibu sauti.

"Nimekuuliza, mama yako anaitwa nani?"

"Umekula?"

Watoto waliacha kurukaruka. Nikauliza mara ya tatu, polepole, na mara ya tatu sauti ya kaka yangu ikajibu lilelile, kwa mkazo uleule.

"Huyu si Nahodha," nikasema. "Nahodha Lyamba alikufa. Aliugua, tukamzika kwa mikono yetu. Hawa waliokuja ni Wavuna Sauti. Wanaiba sauti za watu waliokufa na kuzitia kwenye midoli, ili mama akiisikia sauti ya mwanawe afungue mlango. Vitu vyao wameviingiza kila nyumba, na kila kitu kina alama yao. Wakulima, nisikilizeni. Chochote chenye alama kitoke nyumbani kabla jua halijazama. Kifukieni, kama tunavyofukia majani kwenye matuta, kioze, kisirudi."

Zenon alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliruka jukwaani akakimbilia mtambo, mkono umenyooshwa. Binti mmoja wa miaka kama minane, aliyekuwa mbele kabisa, alimwonyesha kidole na kusema, kwa sauti ya kawaida tu, "Mvuna Sauti huyo." Kipaza sauti kiliinasa. Zenon alisimama palepale, koti jeupe linapepea.

Binti yule alivua begi lake, akaliweka ardhini. Jirani yake naye akavua. Baada ya muda mfupi uwanja wote ulikuwa na vitu vilivyotupwa, na wazazi, waliosumbuliwa na vitu hivyo miaka nenda rudi, ndio waliokuwa na haraka kuliko watoto. Kuna baba mmoja alikwenda na baiskeli hadi nyumbani akarudi na mashuka. Majembe yalitoka nyumba za jirani. Walichimba mwisho wa uwanja, wakatupia humo, na midoli ilivyobanwa na udongo ikawa inabonyezeka yenyewe. Sauti ya Vitus ilitoka shimoni mara kumi, mara ishirini, moja juu ya nyingine, hadi udongo ulipoinyamazisha.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilisimama jukwaani nikimsikiliza kaka yangu akizikwa mara ya pili, kwa amri yangu. Hata hivyo sikuteremka kuwazuia.

Jumatatu shuleni kwangu hakukuwa na begi lenye nembo. Wasioweza kununua jingine walikuwa wameligeuza ndani nje. Akina mama walikwangua ndoo kwa visu. Maboksi ya Zenon yalikaa ghalani na kwenye lile darasa la chekechea, hayaguswi hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu hapakuwa na mtoto aliyekubali kuingiza Mvuna Sauti nyumbani kwao.

Wiki ya pili alikuja mwanamke kutoka Laela, Justa, aliyekuwa na meza ya vitu vya Zohali pale stendi. Alinisalimia vizuri, akakataa kuketi.

"Nimesikia yaliyompata mama yako," alisema. "Poleni sana. Lakini mwalimu, ulimrushia Zenon jiwe wakati sisi tumesimama mbele yake."

Nilimwomba radhi, akaipokea, akaondoka kuwahi basi. Maneno yake yalikaa nami siku nyingi kuliko furaha yangu.

Zenon mwenyewe alikuja mwishoni mwa mwezi wa nane. Alikuwa amekonda.

"Andika sehemu moja tu," alisema akiwa bado mlangoni. "Useme ilikuwa ndoto, au Nahodha wa kweli anatokea. Watakuamini wewe."

"Siandiki tena," nikasema. "Mchezo umekwisha. Haki za kuurusha ni zako, nenda kaandike mwenyewe."

"Umeniua, Coleta."

"Ndiyo."

Nilitaka akae na neno hilo, aende nalo. Lakini mama alitokea uani, mikono ina unga. Alikuwa ameanza kula vizuri tena tangu wiki ile ya sherehe, taratibu. Zenon aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mama alijifuta unga mikononi. Nilingoja amfukuze. Nilitamani amfukuze, nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu siku ya boksi.

"Marahaba," mama akasema. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Ingia ndani, upepo huo." Akamvutia kiti chenye mto. Zenon akakaa, akaweka viganja usoni, mabega yakaanza kutikisika. Mama alikwenda jikoni kumwekea chai.

Mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma. Nilisimama kwenye matuta ya maharage, mikono kwapani kwa baridi, nikawasikia wanaongea kwa sauti ya chini, siyasikii maneno. Alikaa zaidi ya saa moja. Sikurudi ndani hadi niliposikia pikipiki yake imeshika barabara ya Tunduma.