Funguo za Saa Nne

Barua ya bodi iliingia kwenye kompyuta yangu saa mbili na robo asubuhi, na tangu hapo sikutulia kitini. Kazi yangu ni kutunza funguo za mfumo: nani afungue faili gani, nani aingie mlango gani. Kampuni ina watu elfu tisa, na mkuu mpya akiteuliwa, mimi najua kabla ya mke wake.

Safari hii nilijua kabla ya dada yangu. Mume wake ndiye naibu wa Mzee, mkuu wetu anayeondoka, na kiti cha Mzee kilishaanza kuitwa chake hata na wafagizi. Barua ilisema vingine. Saa nne kamili, mkuu mpya akitangazwa ukumbini, funguo zote zihamie kwa yule mama wa kitengo cha ramani. Dakika hiyo hiyo, za naibu zifungwe.

Hilo la kufunga lilinikata maini. Utaratibu wenyewe aliuandika shemeji, mwaka jana tu: anayekosa kiti afungiwe papo hapo, asije akaondoka na siri. Alikuwa anamlenga huyo huyo mama wa ramani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, sawa, lakini hapa wa kumsukuma nilikuwa mimi.

Nilikwenda kunywa maji mara tatu bila kiu. Kurudi mara ya tatu, nikamkuta shemeji ameegemea meza yangu, tai mpya shingoni.

"Shemeji, barua imekuja, siyo? Usiseme, utafukuzwa kazi bure. Niangalie tu."

Nikamwangalia. Jasho lilikuwa linanitoka na machozi yako karibu. Akacheka mpaka gego la mwisho.

"Basi, basi! Nyinyi watu wa kompyuta hamjui kuficha furaha."

Akaondoka huku anampigia dada simu: njoo, mke wangu, leo unakaa mstari wa mbele.

Nilitamani kujizaba kofi. Uso wangu mwenyewe ulikuwa umemdanganya, na sasa angeadhirika mbele ya kampuni nzima, mkewe yuko pembeni. Nikakaa, nikasimama, nikafungua dirisha, nikalifunga. Saa nne kasoro dakika tisa uvumilivu ukaniishia, nikashuka ngazi mbili mbili. Dada alishafika ukumbini, anapungia watu mkono kama bibi harusi. Shemeji nilimkuta mlangoni anaweka koti sawa.

"Si wewe," nikamwambia. "Ni mama wa ramani. Mchukue dada muondoke sasa hivi."

Hakuniuliza mara mbili. Alishika fremu ya mlango.

"Nani mwingine anajua umeniambia?"

"Hakuna."

"Nikiondoka sasa, watajua wote." Akakaza tai. "Una watoto wawili wewe. Panda juu ukafanye kazi yako."

"Lakini shemeji..."

"Nenda, bwana! Na dada yako usimwambie. Angalau mmoja wetu akae kwa raha."

Nikapanda. Nilikwenda kumwokoa mtu, kumbe nimempelekea dakika tisa za kukaa pale huku anajua. Kama ningefunga mdomo wangu, angezikaa kwa furaha. Nilijichukia ngazi zote.

Saa nne kamili nikabonyeza. Kwenye skrini inayoonyesha ukumbi, picha bila sauti, nilimwona mama wa ramani anapanda jukwaani na watu wamepigwa na butwaa, hakuna hata mmoja anayejua afanye nini na mikono yake. Wa kwanza kusimama na kupiga makofi alikuwa shemeji. Dada alikuwa analia, anamvuta pindo la koti ili akae, na yeye anaendelea kupiga.