Saa Tisini na Tisa na Dakika Arobaini

Orodha ya vigezo vya kujiunga na shahada ya uzamili ya fiziotherapia ina kurasa nne. Niliichapa mwenyewe kwenye duka la fotokopi ninakofanya kazi, pande mbili mbili, ili nisimtie bosi hasara. Namshauri yeyote atakayeisoma awe ameketi, na awe ameshiba.

Kigezo cha kwanza ni shahada ya kwanza. Ninayo. Niliisoma jioni kwa miaka sita, na mwaka wa mwisho nilikuwa na tumbo mbele na daftari juu ya tumbo, maana tumbo lilikuwa meza imara kuliko zile za chuo. Kigezo cha pili ni anatomia, isizidi miaka mitano tangu uifaulu. Hilo nalo nimelielewa. Huenda mfupa wa paja umeshahamia begani tangu niusome, na chuo hakipendi kupitwa na habari. Cha tatu ni barua tatu kutoka kwa watu wanaokufahamu vizuri ambao si ndugu wala marafiki. Yaani watu walionijua kwa karibu, wakanipima, wakaamua kutonipenda. Hao niliwapata upesi kuliko nilivyotarajia.

Cha nne ndicho kilichonitoa jasho: saa mia moja za kumwangalia mtaalamu aliyesajiliwa akimhudumia mgonjwa. Kuangalia tu, mikono mapajani.

Nilipofika hapo nilicheka kwa furaha, mjinga mimi. Mwanangu tunamwita Mkurugenzi. Alizaliwa na misuli ya miguu iliyokaza kama kamba ya kuanikia nguo, na wakati huo alikuwa anakaribia miaka mitatu. Alikuwa hatembei, anabebwa kila aendako, na amri zake anazitoa kwa kidole. Cheo kilijileta chenyewe. Tangu akiwa na miezi mitano nilikuwa nampeleka kliniki Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nzima kila mara, nami nikiwa pembeni ya mkeka. Kadi yake ilikuwa na mihuri zaidi ya mia tatu. Nikaibeba kadi hadi dirisha la udahili kama mtu aliyebeba hundi.

Karani wa dirishani aliigeuza mbele na nyuma.

"Huyu mgonjwa ni nani yako?"

"Mwanangu."

"Basi hapa hukuwa unaangalia."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa mama." Akanirudishia kadi kwa ncha ya vidole. "Saa za mama hazihesabiwi."

"Asante, kaka. Hilo nilishalisikia nyumbani, ila sikujua kama limeandikwa."

Nililia kidogo nikiwa njiani, sitaficha. Lakini Jumatano iliyofuata nilimsimulia Mama Malkia, tunayekaa naye benchi moja pale kliniki. Binti yake Malkia ana miaka sita, anatembelea kiti cha magurudumu, na ana ulimi mkali kuliko wa mama yake, jambo ambalo si dogo.

"Mwenzangu, shida iko wapi?" alisema Mama Malkia. "Mtoto wangu ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Mungu amemnusuru. Basi ingia na wangu chumba namba mbili, mimi niingie na wako namba moja. Chumba kinataka mtoto mmoja na mkubwa mmoja. Hakuna palipoandikwa mkubwa wa nani."

"Na wewe utapata nini?"

"Raha! Wangu nimemtazama miaka yote ananiita mchawi kila akinyooshwa mguu. Wako akilia, mimi moyo wangu tuli, nasikiliza kama redio ya jirani."

Hivyo ndivyo tulivyobadilishana watoto. Nyumbani, mama mkwe aliuliza kama ni kweli nimemkabidhi mjukuu wake kwa mwanamke mwingine ili mimi nikakae kitini. Nikamwambia haya ni masomo ya juu, mama. Akasema naam, ndiyo maana hayafiki huku chini tuliko sisi.

Mtaalamu wa chumba namba mbili tulimpachika jina la Bwana Dakika. Mezani kwake kulikuwa na saa ndogo ya kuhesabia muda, na aliibonyeza kila kipindi kilipoanza kama mwamuzi wa mbio. Siku ya kwanza aliniwekea kiti pembeni kabisa, karibu na ndoo ya taka.

"Usiguse. Usiseme. Usimpe mtoto moyo."

"Hata kumpa moyo?"

"Kumpa moyo ni tiba. Wewe umesajiliwa?"

Nikakaa. Mikono ya mama, jamani, haina adabu. Malkia alipoyumba kwenye reli mikono yangu iliruka yenyewe, na Bwana Dakika akabonyeza saa. "Dakika tatu zimetolewa." Wiki ya pili nikaanza kuikalia mikono, mmoja chini ya kila paja. Malkia aliliona hilo akacheka hadi akasahau kulia, na Bwana Dakika akaniangalia kwa shaka, kana kwamba kuchekesha nako kunahitaji leseni.

Miezi minane ilipita hivyo. Habari za mwanangu nilizipata benchini, kama watu wanavyopata habari za mpira. "Leo kasimama mpaka nimehesabu kumi." "Leo kamtemea mate dada mtaalamu wa namba moja." Mwanzoni Mkurugenzi alilia nilipompa mgongo. Baadaye akaacha kulia. Nikajiambia ni maendeleo, halafu nikaenda chooni nikajifuta macho kwa ajili ya maendeleo hayo.

Malkia aliugua homa wiki mbili, Bwana Dakika akaenda likizo, na saa zangu zikabanwa na kalenda hadi saa ya mia ikaangukia Ijumaa ileile ya mwisho ya kupokea fomu. Dirisha lingefungwa saa kumi alasiri, na anatomia yangu ilikuwa inatimiza miaka mitano mwezi uliofuata. Nikikosa siku hiyo, ningelazimika kwenda kuusoma upya mfupa wa paja, nione kama bado uko pajani.

Saa tano kamili Bwana Dakika akabonyeza. Nikakalia mikono yangu. Malkia alikuwa anajifunza kuinuka kutoka sakafuni bila kuvutwa: kupiga magoti, kuinua makalio, kukita mguu mmoja, halafu kusukuma. Dakika ya kumi. Ya ishirini. Ya thelathini. Nilianza hata kuisikia harufu ya muhuri.

Dakika ya arobaini, sauti ikapasua ukuta.

"Mama Mkurugenzi! Anakuja! Anakuja mwenyewe, hajashika kitu!"

Nilisimama. Bwana Dakika hakuinua macho. Kidole gumba chake tu ndicho kilichosogea juu ya kitufe cha saa. "Zimebaki ishirini," alisema.

Ningependa kuandika kwamba nilitafakari. Sikutafakari. Nyuma yangu nilimsikia Malkia akishangilia: "Kakimbia! Mwandike!"

Chumba namba moja kilikuwa hatua sita kutoka pale. Nilipofungua mlango, Mkurugenzi alikuwa ameketi mkekani kama mtu aliyefunga kikao, anakula ndizi.

"Nne!" Mama Malkia alikuwa anapiga kelele. "Katembea hatua nne!"

"Tano," alisema dada wa namba moja. "Ile ya mwisho naihesabu."

"Ile alikuwa anaanguka, dada."

"Kuanguka mbele ni hatua."

Nikapiga magoti. "Mwanangu, inuka nikuone. Mara moja tu."

Alinitazama, akatafuna, akameza. "Nimechoka," alisema, kisha akanyoosha kidole: nimbebe.

Nikambeba. Ndani ya nusu dakika nilikuwa nimeikosa saa na nimezikosa hatua. Wapo wanaokosa kimoja kimoja. Mimi nilijaliwa vyote kwa mpigo.

Tuliporudi namba mbili fomu ilikuwa imeshajazwa, kwa mwandiko mzuri usio na huruma: saa 99, dakika 40.

"Andika mia, baba," Mama Malkia alimwambia. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Na wewe utamwambia nani?"

"Sina haja ya kuambiwa ninachokijua." Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa mbaya. "Dada, siku moja na wewe utasaini fomu za watu. Nikikuandikia uongo leo, nitakuwa nimekufundisha nini kwa saa tisini na tisa?"

"Na dakika arobaini," Malkia alimkumbusha.

"Sasa nifanyeje?" nilimuuliza.

"Niletee mgonjwa. Kliniki inafungwa saa sita na nusu. Dakika ishirini zipo."

Nilichungulia benchini. Benchi lilikuwa tupu, Ijumaa hiyo. Mwanangu hahesabiwi. Malkia kipindi chake kilikuwa kimekwisha, na alishatangaza kwamba akiguswa tena atauma mtu.

Mama Malkia akavuta kiti akakaa. Akapandisha gauni mpaka juu ya goti, akaligonga goti kama mtu anayebisha hodi.

"Mgonjwa huyu hapa."

Goti lilikuwa limevimba kama mkate ulioumuka vizuri. Bwana Dakika aliinama, akalibonyeza kwa vidole viwili, na Mama Malkia akatamka neno ambalo Malkia alilipokea kwa heshima.

"Tangu lini?"

"Tangu huyu afike kilo kumi na tano. Leo ana ishirini na mbili. Ngazi za kwetu ni thelathini na moja, na kiti chake hakipandi."

"Miaka mitatu unakuja hapa, mara tatu kwa wiki. Mbona hukuwahi kusema?"

"Kadi ina jina la mtoto, baba. Ya mama mlinipa?"

Bwana Dakika alibaki ameinama juu ya goti. Tangu nimfahamu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza muda kupita mbele yake bila kuhesabiwa. Kisha akavuta droo, akatoa kadi mpya, akamwuliza jina lake kamili kwa upole, akaandika. Nami nilikuwa nimekaa karibu na mwanamke huyu mwaka mzima, nikamkabidhi mtoto wangu wa kilo kumi na nne amnyanyue, na sikuwahi kutazama miguu yake. Mtaalamu mtarajiwa!

Saa ikabonyezwa. Nikaketi karibu na ndoo yangu ya taka.

Mlango uliachwa wazi ili tuwaone watoto. Dada wa namba moja aliwatandikia mkeka ukumbini, akabaki nao akikunja mataulo yake. Bwana Dakika alikuwa anamfundisha Mama Malkia kubeba mzigo kwa mapaja badala ya kiuno. Mimi nilikuwa naangalia goti, naapa, nilikuwa naangalia goti. Lakini jicho lina pembe.

"Wewe Mkurugenzi," nilimsikia Malkia akisema. "Njoo hapa."

Kidole kikanyooshwa: abebwe.

"Mimi nikubebe na nini? Njoo mwenyewe."

Mkurugenzi akashika ukuta. Akasimama. Akauachia.

Alitembea kama mlevi mwenye heshima zake, mikono juu, tumbo mbele. Hatua moja. Mbili. Tatu. Ya nne goti likamwishia, akaketi sakafuni kwa kishindo. Damu yangu yote ilikimbilia kwenye viganja.

"Mikono, dada," alisema Bwana Dakika, akiwa bado amelishika goti la Mama Malkia.

Nikaikalia. Mkurugenzi akageuza kichwa, akaniona kupitia mlango, akanyoosha kidole. Akasubiri usafiri, kama alivyouzoea maisha yake yote. Usafiri haukuja. Midomo ikaanza kutetemeka, yake na yangu.

"Makalio juu kwanza," Malkia alimwelekeza kwa uchovu wa mtu mwenye uzoefu. "Siyo hivyo. Piga magoti. Eeh. Sasa mguu mmoja. Usimwangalie mama yako, hana kazi yule, kakaa tu."

Makalio yakapanda. Mguu mmoja ukakita. Sijui ilichukua dakika ngapi, saa inajua. Akainuka. Akazimaliza hatua zilizobaki, sikuzihesabu, akaingia chumbani na kuniangukia mapajani, vidole vyake vya ndizi vikafumbata magoti yangu. Mimi nilikuwa bado nimeikalia mikono, imekufa ganzi.

Saa ikalia.

Bwana Dakika alikaa mezani akaandika dakika ishirini. Akafika kwenye kisanduku cha mwisho, "Je, mwombaji alimgusa mgonjwa?", akatazama mapajani kwangu, akafikiri.

"Mgonjwa ni mimi," Mama Malkia alimwahi. "Huyo ni mpita njia."

Akaandika: Hapana.

Nilifika dirishani saa tisa na dakika hamsini. Karani alizijumlisha saa zote kwa kalamu, moja moja, huku Mkurugenzi akiwa ameketi juu ya kaunta akimsimamia.

"Hii ya mwisho ina wagonjwa wawili."

"Ndiyo, kaka."

"Huyu wa pili, wa goti. Ni nani yako?"

Nilisita. Ndugu, hapana. "Rafiki," nilisema. "Marafiki mmewakataza kwenye kigezo cha tatu. Kwenye cha nne hamkuwataja."

Alifunua ukurasa, akasoma kwa kidole, akafunua mwingine. Saa ya ukutani ilikuwa imebakisha dakika nne.

"Kweli hatukuwataja," alisema kwa masikitiko, na muhuri ukashuka. "Hili doa ni la nini?"

"Ndizi."

"Majibu baada ya wiki sita."

Nilimteremsha Mkurugenzi sakafuni. Akatazama ukumbi mrefu, akatazama lango kule mbali, akanyoosha kidole. Nikaiweka mikono yangu nyuma ya mgongo na kuishikanisha.

Tulichelewa sana kufika langoni.